Akinfenwa, shujaa asiye na kazi
Vibanda umiza vyetu hujaa kwa ajili ya Arsenal na Liverpool, lakini mchezaji wa Uingereza anayenivutia mimi ni Adebayo Akinfenwa, pande la mtu lililochuma riziki miaka yote bila kugusa Ligi Kuu. Mtoto huyu wa London alianzia Lithuania, akatukanwa majukwaani kwa sababu ya rangi yake, akarudi nyumbani kuhamahama: Swansea, Northampton, Gillingham. Januari 2015, akiwa AFC Wimbledon, aliifunga Liverpool, timu anayoishabikia, kwenye Kombe la FA, ingawa walilala 2-1. Kinachonichekesha na kunikera ni Mei 2016. Anafunga penalti kwenye fainali ya mchujo Wembley, Wimbledon inapanda daraja, na palepale mbele ya kamera anatangaza kuwa hana kazi, makocha wamtafute WhatsApp. Mkataba ulikuwa unakwisha! Huko chini hata shujaa wa fainali huamka kesho yake akitafuta mwajiri. Wycombe wakamchukua, na mwaka 2020, akiwa na miaka 38, akapanda nao hadi daraja la pili. Alistaafu 2022, baada ya kufungwa na Sunderland kwenye fainali nyingine Wembley.