Trela halina mdomo, mshikaji!

Wale mliozoea nianze na habari za mademu na viwalo mnisamehe, leo naongelea matairi. Usifunue ukurasa kwanza! Kuna mshiko wa watu hapa.

Nipo Mkuyuni, kule juu ukitoka Moro mjini kwa njia ya Bigwa na Kiroka. Kama hujafika umekosa: ndizi, mananasi, mafenesi, viungo vya pilau, vyote vinaota. Kasheshe ni kuvishusha hadi sokoni mji kasoro bahari. Sasa rafiki yangu mmoja, tuliyemaliza naye kidato cha nne, kapata zali. Mjomba wake kamwachia trela la magurudumu mawili, linakokotwa na Land Rover ya zamani, abebe matunda wagawane faida. Na kwa Waluguru mjomba si wa kuchezea. Ukoo unahesabiwa kwa mama, na mashamba yanafuata huko huko. Ukilitupa trela la mjomba korongoni, kikao cha ukoo kinakuhusu wewe na bi mkubwa wako.

Jamaa alishachagua matairi kabla sijafika. Mitumba ya gari dogo, yamepakwa dawa hadi unajiona sura, na rimu za kisela. "Cheki yalivyo bomba, mwanangu!" Nikachuchumaa nikasoma ubavuni.

Baada ya saizi ya tairi kuna namba ndogo ambayo vijana wengi tunairuka. Yake ilikuwa 82. Hiyo ni alama ya uzito: tairi moja libebe kilo 475, basi. Trela tupu lina kama kilo 250 na yeye anataka kupakia tani nzima ya mananasi. Piga hesabu ya shule ya msingi, 1,250 gawa kwa mbili, kila tairi linabeba 625. Limeshazidiwa hata kabla ya shimo la kwanza. Sasa chukua tairi la mzigo, lile lenye herufi C kwenye saizi, kama 185R14C. Mengi ya saizi hiyo yana namba 102, yaani kilo 850 kwa moja. Ila halibebi hivyo kwa upepo wa kubahatisha. La gari dogo unajaza paundi 30 na ushee, hili linaweza kudai 65 likiwa na mzigo kamili. Limeandikwa hapo hapo ubavuni, usimsikilize mjazaji anayepiga teke kupima.

Halafu kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ukiona 2311, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Trela hulala siku nyingi kuliko linavyotembea, kwa hiyo tairi lake huzeeka kabla halijapata kipara. Kashata bado nzima, ubavu una nyufa kama kisigino cha mzee. Dawa ya kung'arisha ndiyo inaficha hizo nyufa, usizugwe.

Jamaa akabisha: "Si tunatembea mdogo mdogo?" Mjomba mtu alikuwa kakaa kwenye gogo, kimya muda wote. Akamwambia, "Mpwa wangu, mteremko hauna mdogo mdogo." Tukacheka, lakini rimu zikarudishwa.

Matairi tukamaliza, ikaja ekseli, na hapa ndipo nilipoogopa kweli. Ekseli yenyewe imetoka kwenye gari bovu, kama matrela mengi ya kuchomelea huku kwetu. Tukapiga jeki, nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa. Linacheza. Kulizungusha, linanguruma. Fundi akafungua habu: grisi imekuwa rangi ya chai ya maziwa! Ni maji hayo. Unashuka mlima habu imechemka, unaingia kwenye kijito, inapoa ghafla, inavuta maji kupitia sili iliyochoka. Beringi ikishaanza kutu haina maongezi, badilisha.

Zile zilizokuwa nzima fundi aliziosha kwa mafuta ya taa, akazikausha, akashindilia grisi mpya hadi ikatokea upande wa pili. Kupaka juu juu kama losheni ni kujidanganya. Nati unaikaza huku gurudumu linazunguka, kisha unailegeza kidogo beringi ipumue, unafunga kwa pini mpya. Sili nayo mpya, ni kitu cha bei ndogo, sijui kwa nini watu wanaionea ubahili.

Gari likiwa na ubovu utausikia kwenye usukani. Trela liko nyuma, na Land Rover kelele zake mnazijua. Gurudumu linaweza kuungua ukawa unaimba na redio, hadi wanakijiji wakupungie mikono ukadhani ni mashabiki.

Hela ilitosha beringi, sili na matairi mawili ya C. Spea hakuna. Mjomba akaamua: hadi spea ipatikane, nusu tani tu, na hakuna kutembea usiku. Jamaa kanuna siku mbili, maana faida inakatika nusu.

Juzi tumeshusha mzigo wa kwanza. Kiroka tukasimama, tukakaza nati za magurudumu upya maana yalikuwa yametoka kufungwa, akaweka kiganja kwenye habu ya kushoto, kisha ya kulia. Vuguvugu. Tukaendelea.