Rafu zilizozama majini: Kazi ya nyuklia isiyoisha kinu kikizimwa

Mjadala wa umeme wa nyuklia mara nyingi huishia kwenye kinu: kijengwe wapi, kitagharimu kiasi gani, kikilipuka itakuwaje. Kinachosahaulika ni bwawa la pembeni, ambamo mafuta yaliyokwisha kutumika huhifadhiwa kwa miaka mingi. Uzoefu wa Marekani unaonyesha kwamba hapo napo pana kazi, tena ya kudumu.

Bwawani kuna nini?

Mafuta ya urani yakitolewa kwenye kinu bado yana joto kali na mionzi. Hushushwa kwenye bwawa lenye kina cha takriban mita 12 na kusimamishwa kwenye rafu za chuma. Fikiria trei ya mayai, ila vishimo vyake ni virefu kupita kimo cha mtu mara mbili. Maji hupooza mafuta na kuzuia mionzi.

Mpango wa awali ulikuwa yakae hapo kwa muda tu. Sheria ya mwaka 1982 iliitaka serikali ya shirikisho ianze kuyachukua kufikia Januari 31, 1998. Haikutokea. Mradi wa kuyazika Yucca Mountain, Nevada, ulikwama na mabwawa yakazidi kujaa.

Baadhi ya mafuta yalihamishiwa kwenye makasha makavu. Lakini ndani ya mabwawa, dawa ilikuwa kubananisha: rafu zikasogezwa karibu karibu, na katikati yake vikawekwa vibao vyenye boroni, inayonyonya nyutroni. Kazi ya vibao hivyo ni kuhakikisha mfuatano wa mipasuko ya atomi hauanzi tena nje ya kinu.

Kumbe vibao navyo huchoka

Mwaka 1987, mapengo yaligunduliwa kwenye vibao vya Boraflex katika kituo cha Quad Cities, Illinois. Mionzi huifanya Boraflex isinyae, kisha maji yanaimega kidogo kidogo. Mwaka 1996, NRC, mamlaka inayosimamia nyuklia nchini humo, iliwaandikia waendeshaji kuhusu tatizo hilo.

Halafu mwaka 2008, vibao vya aina nyingine katika kituo cha Palisades, Michigan, vilikutwa na boroni pungufu kuliko hesabu za usalama zilivyodhani. Mwaka 2016 NRC ikaandika tena, safari hii ikiwataka waendeshaji waeleze wanavyofuatilia hali ya vibao vyao.

Hupimwaje?

Hakuna anayeweza kuzama na kuvikagua kwa mkono. Njia kuu ni tatu:

• Vipande vya sampuli huwekwa bwawani tangu mwanzo, kisha hutolewa kimoja kimoja na kupimwa maabara. Shida ni kwamba vinaweza kuisha kabla ya kazi kuisha.

• Kwa Boraflex, hupimwa silika iliyoyeyuka majini. Inaonyesha kuna kitu kinaliwa, lakini haisemi ni kwenye rafu ipi.

• Kifaa chenye chanzo cha nyutroni hushushwa katikati ya rafu. Kinapima kibao chenyewe, ila kwa kawaida ni rafu chache tu zinazofikiwa.

Je, ni hatari?

Kasoro hizo hazikusababisha ajali. Kanuni zimeacha nafasi ya usalama: kipimo cha mfuatano wa mipasuko hakitakiwi kuzidi 0.95, wakati 1 ndiyo hatua ambapo hujiendesha wenyewe. Aidha, mabwawa ya vinu vya maji ya shinikizo huwa na boroni hata kwenye maji. Yale ya vinu vya maji yachemkayo hayana, hivyo mzigo mkubwa unabaki kwa rafu.

Lakini nafasi hiyo ina maana pale tu inapojulikana. Palisades, hesabu zilikuwa sawa kwenye karatasi. Upimaji ndio uliofichua upungufu.

Swali kwa Kenya

Kenya inapanga kituo chake cha kwanza. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kuupinga mradi huo, na baadaye macho yakaelekezwa Siaya. Mjadala umekuwa kuhusu ardhi, bahari na ajira, na mambo hayo ni ya msingi.

Ila liko swali jingine la kuuliza mapema, kabla mkataba haujasainiwa: miaka 40 baada ya uzinduzi, wakati waliokata utepe wameshastaafu, nani atakuwa na bajeti, wataalamu na mamlaka ya kushusha kipimo bwawani na kutangaza majibu hadharani?