Mgeni Asiyebisha Hodi Sebuleni Mwetu

Baada ya Swala ya Ijumaa hapa Maji ya Chai, mzee mmoja alitusimamisha nje ya msikiti. Kijana wake anayefanya kazi Arusha mjini amewaletea televisheni mpya, zile ziitwazo janja. Siku ya kuiwasha iliwauliza maswali mengi kwa Kiingereza, na kijana akawa anabonyeza kukubali kila ilipouliza, kwani mpira ulikuwa umekaribia kuanza. Sasa mzee amesikia kwamba televisheni hizo huwatazama watu wa nyumba. Akatuuliza: ni kweli? Na kama ni kweli, aiuze?

Swali hilo si la kupuuzwa. Tangu vituo vya televisheni vya Tanzania Bara vilipoanza mwaka 1994, na hata baada ya mitambo ya analojia kuzimwa mkoani Arusha mwaka 2013 na kila nyumba kulazimika kutafuta king'amuzi, picha ziliingia ndani ya nyumba na hakuna kilichotoka. Zama hizo zimepita. Televisheni iliyounganishwa na intaneti hupokea na pia hupeleka.

Tuanze kwa kuondoa hofu isiyo na msingi. Televisheni nyingi hazina kamera, na kwa hiyo haziwapigi picha watu waliokaa sebuleni. Zifanyalo ni jambo jingine. Kila baada ya muda mfupi sana huchukua alama ya picha iliyopo kwenye kioo, alama hiyo hupelekwa kwa kampuni, na huko hulinganishwa na hazina kubwa ya vipindi. Hivyo hujulikana nyumba hiyo imetazama nini, saa ngapi na kwa muda gani. Taarifa hizo huwa bidhaa kwa wauzaji wa matangazo. Baadhi ya televisheni zina kipaza sauti pia, kwa ajili ya kupokea amri za mdomo.

Haya si uvumi. Februari 2017, kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 ili kumaliza shauri lililodai kuwa ilikusanya taarifa za utazamaji kutoka televisheni milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Mwaka 2024, watafiti wa vyuo vikuu vya London, California na Madrid walizipima televisheni za Samsung na LG nchini Uingereza na Marekani. Waliona kwamba alama hizo zilipelekwa hata pale televisheni ilipotumika kama kioo tu cha kifaa kingine kilichounganishwa kwa waya wa HDMI, waya ambao ving'amuzi vyetu vingi hutumia. Lakini waliona pia kwamba mtumiaji akikataa katika mipangilio, upelekaji hukoma. Hapo ndipo penye faraja.

Ndugu Waislamu, dini yetu imeijengea nyumba heshima kubwa. Surat An-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Na Mtume (S.A.W.) alimkemea vikali mtu aliyechungulia chumbani mwake kupitia tundu, akabainisha kuwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Basi jicho nalo hubisha hodi, si miguu peke yake. Kwa mashine hii, hodi ni yale maswali ya siku ya kwanza, na sisi tumezoea kuitikia "karibu" bila kuuliza ni nani.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi na maskani ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Ni haki yetu kuitaka Tume hiyo iwabane waingizaji wa vifaa hivi, ili maswali ya ridhaa yaulizwe kwa Kiswahili. Ridhaa ya mtu asiyeelewa alichoulizwa ni ridhaa gani?

Wakati tukisubiri hayo, kila mwenye nyumba anaweza kuanza leo. Kama familia hutazama kwa king'amuzi au antena tu, televisheni isiunganishwe kabisa na Wi-Fi wala na simu ya mtu. Picha zitaendelea kuonekana, na bando litasalimika. Ikiwa intaneti inahitajika, ingia kwenye mipangilio ukatae ukusanyaji wa taarifa za utazamaji: kwa LG mara nyingi kipengele hicho huitwa Live Plus, na kwa Samsung, Viewing Information Services. Zima matangazo yanayofuata tabia ya mtazamaji, na zima usikilizaji wa sauti. Aliyekwisha kukubali kila kitu airudishe televisheni katika hali ya kiwandani, kisha aanze upya akisoma. Na anayeiuza afanye hivyo kabla haijatoka mlangoni.

Wenyeji wa hapa hawahitaji kufundishwa hekima hii. Mto uliotupa jina una maji ya rangi ya chai, na rangi hiyo kila mtu anaiona. Lakini kinachoharibu meno ya watoto wetu ni floridi, ambayo haionekani, na hujificha hata katika maji meupe. Hatukuacha kunywa maji kwa sababu hiyo. Tulijifunza kuuliza yametoka wapi na yana nini.

Basi mzee wetu tulimjibu hivi: usiiuze. Mwite kijana, mketi pamoja, muulizwe tena yale maswali, na safari hii mjibu kwa kujua. Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu. Amin.