Pima lengo la familia kwa mwezi mgumu

Kila Januari nyumba nyingi hupanga mambo makubwa. Baba anasema mwaka huu lazima kiwanja kipatikane, mama anaongeza friji ya biashara. Ikifika Mei, hakuna anayetaka kuligusa suala hilo.

Mara nyingi tatizo si uvivu wala ubadhirifu. Lengo lilipimwa kwa mwezi mzuri.

Chukua mfano wa baba anayeendesha bodaboda na mama anayeuza maandazi. Desemba abiria walikuwa wengi na oda za sikukuu hazikukauka. Baada ya chakula, kodi na hesabu ya mwenye pikipiki, walibakiwa na Sh150,000. Wakazidisha mara 12, wakaona Sh1.8 milioni, wakalipa kianzio cha kiwanja cha awamu.

Mvua za masika zilipoanza, abiria wakapungua na mtoto akaugua. Muuzaji wa kiwanja akawa anadai awamu yake. Wakakimbilia mkopo wa "kausha damu". Lengo lililokusudiwa kuwaongezea mali likawaletea deni na lawama. Baba akaona mama hajui kubana matumizi, mama akahisi baba anaficha fedha. Kumbe wote wawili walikuwa wakweli, hesabu tu ndiyo ilikosewa.

Njia salama ni kuanza na mwezi mgumu. Wanandoa wakae, wakumbuke mwaka uliopita na kuulizana: katika mwezi ule mbaya kuliko yote, tulibakiwa na shilingi ngapi? Kama ni Sh40,000, basi uwezo wao wa uhakika ni kama Sh10,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 hiyo ni Sh520,000.

Fedha hiyo igawanywe. Sh3,000 za kila wiki ziwe za dharura, na kwa mwaka zitafika Sh156,000. Sh7,000 ziende kwenye lengo, nazo zitafika Sh364,000. Hazinunui kiwanja, lakini zinapunguza sana mzigo wa sare, viatu, begi na madaftari ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini mahitaji hayo bado yapo mikononi mwa mzazi.

Mwezi mzuri ukija, ziada iongezwe. Isihesabiwe kabla haijaingia. Na kiwanja kisifutwe, kipewe miaka yake.

Mahali pa kuweka nako kuna maana. Fedha ya lengo inaweza kukaa kwenye kikoba, mradi kikundi kinavunja na kugawana kabla ya siku inayohitajika. Kikoba kinachovunja Machi hakimsaidii mwenye mahitaji ya shule ya Januari. Fedha ya dharura isikae huko, kwa sababu homa ya usiku haingoji siku ya kikao. Ikae panapotoleka siku hiyohiyo, na wote wawili wajue ni kiasi gani.

Malengo yasiyo ya fedha nayo hupimwa hivyohivyo. Baba anayerudi saa nne usiku akiahidi kusoma na watoto kila siku, atavunja ahadi wiki ya kwanza. Akisema Jumapili jioni atakagua madaftari, hata wiki ya uchovu ataweza, na watoto watajifunza kwamba neno la baba hutimia.

Watoto wakubwa waambiwe pia. Anayejua kwamba nyumba inaweka Sh7,000 kila wiki kwa ajili ya shule yake, haoni kunyimwa soda kuwa ni uchoyo.

Wahenga walisema, mtu hujikuna ajipatapo. Kabla ya kuandika lengo la mwaka huu, familia ijiulize swali moja: mwezi mgumu ukija, tutaendelea?