Msiwafichie Watoto Moto wa Namugongo

Wazazi wengi Wakatoliki, na hata baadhi ya makatekista, hushikilia kwamba vitabu vya picha vinavyowafaa watoto ni vya Fransisko wa Asizi na ndege wake. Wafiadini wasubiri mtoto akue. Nia yao ni njema, ila mimi nawapinga.

Mfiadini Kizito alikuwa kijana wa miaka kama 14, mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Karoli Lwanga, kiongozi wa watumishi vijana wa ikulu hiyo, alimbatiza Munyonyo mwezi Mei 1886, siku chache kabla hajachomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni. Watoto wetu wanabatizwa kwa jina lake. Ukimfungulia mwanao picha ya Kizito akitabasamu juu ya mawingu, bado hujamwonyesha somo wake. Huyo ni mtoto yeyote mwenye duara la nuru kichwani. Masimulizi yanasema Lwanga alimwahidi kijana huyu kwamba saa ikifika atamshika mkono. Mtoto anayesomewa husogea karibu hapo. Kumbe Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake kabla yao. "Sasa Kizito alishikwa mkono na nani?" Swali hilo ni katekesi nzima, na kwenye mawingu halizuki.

Wanasema mtoto ataota ndoto mbaya. Ni kweli yapo yasiyofaa kuchorwa, na mchoraji mwenye busara ataishia kwenye matete waliyofungiwa vijana wale, na nyuso zao. Lakini kitabu, tofauti na runinga, kinasubiri: mzazi anasimama kwenye ukurasa, anaulizwa, anajibu. Nachelea zaidi jambo ambalo mtoto amelisikia nusunusu kwa wenzake, akakosa wa kumuuliza.

Si kwa wafiadini tu. Mtakatifu Yosefina Bakhita aliibwa huko Darfur akiwa msichana mdogo, baada ya mtu asiyemjua kumtuma akamletee furushi msituni. Hofu ilimsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Akauzwa na kuuzwa tena, mpaka mahakama ya Venice ilipotamka mwaka 1889 kwamba yu huru. Mtoto wa miaka sita anauelewa vizuri ukurasa wa furushi, kwa sababu naye hutumwa. Mbona basi tuuruke ili tuwahi kwenye utawa wake Italia? Kanisa lenyewe limeifanya sikukuu yake, tarehe 8 Februari, kuwa siku ya kuwaombea waathirika wa biashara ya binadamu. Mtoto yumo kanisani siku hiyo, anaitikia ombi hilo pamoja nasi, na anastahili kujua anamwombea nani.