Somo la Ubongo Lianzie Lubao

Miongoni mwa masomo yampasayo kijana wa shahada ya afya, awe ni wa uuguzi, wa utabibu au wa udaktari kamili, hapana liogopwalo kama elimu ya ubongo na mishipa ya fahamu; na mwanafunzi aliyeyapita ya moyo na mapafu bila ya taabu kubwa, akifika kwenye shina la ubongo na kukutana na jozi 12 za mishipa ya fahamu ya kichwani, kila mmoja na jina lake la Kilatini, na chimbuko lake, na tundu lake la kupenyea fuvu, huifanya elimu nzima kuwa mzigo wa kukariri, akaubeba hadi mlango wa chumba cha mtihani na kuutua papo hapo, asiurudie tena. Mwaka 1994 tabibu mmoja wa Marekani, Ralph Jozefowicz, aliihesabu hofu hii kuwa ni maradhi yawapatayo wanafunzi wa udaktari wenyewe, na sababu aliyoitaja ni moja: kushindwa kuyahusisha maarifa ya darasani na mgonjwa aliye kitandani.

Ikiwa sababu ni hiyo, basi wanafunzi wa Kakamega wana neema wasiyoitumia. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, kimesimama kando ya barabara iendayo Webuye. Na barabara hiyo hiyo, baada ya kilomita chache, humfikisha msafiri Lubao, soko lililopata sifa katika Magharibi yote ya Kenya, na hata nje yake, kwa biashara ya mbwa. Huko mbwa hushikwa kwa kamba kama mbuzi washikwavyo kwingineko, mkubwa wa kulinda boma, mwembamba wa kuwinda, na watoto ambao hawajajua kubweka sawasawa, na bei hupatanwa kwa maneno marefu huku mnunuzi akimzunguka mnyama kumtazama miguu na macho. Sisemi kwamba mbwa wa Lubao wana kichaa; wauzaji wake wanajua mali yao, na wanunuzi nao si wajinga. Nasema tu kwamba mahali ambapo mtu na mbwa hukaribiana hivyo, mhadhiri wa elimu ya ubongo hana haja ya kutafuta mfano katika vitabu vya ng'ambo; kichaa cha mbwa, ugonjwa wa ubongo wenyewe, kinamtosha.

Na tutafakari jino la mbwa mwenye kichaa liingiapo katika shavu la mguu. Kirusi kilichomo katika mate, chenye umbo la risasi, hakina haraka ya kukimbilia damu. Hukaa katika nyama ya mguu, kikajishikiza mahali ambapo mshipa wa fahamu hukutana na msuli, kwenye vipokezi vile vile ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya asetilikolini, kisha kikaingia katika uzi mrefu wa seli na kuchukuliwa kinyume, kutoka mwisho wa uzi kurudi kwenye kiini, na protini ambazo katika kila seli hufanya kazi ya hamali wa bandarini. Hufika katika uti wa mgongo, kikapanda hadi ubongo, na kutoka huko hushuka tena kwa mishipa mingine mpaka kwenye tezi za mate. Ndiyo maana aliyeumwa usoni aghalabu huugua mapema kuliko aliyeumwa mguuni, kwani safari yake ni fupi. Ndiyo maana pia ugonjwa huchukua kwa kawaida miezi 2 au 3 kujidhihirisha, ingawa yaweza kuwa juma moja au hata mwaka, na muda wote huo aliyeumwa hutembea na kula na kucheka, akidhani yamekwisha.

Zikisha kutokea dalili, mauti ni karibu na yakini. Mgonjwa ana kiu, naye anakiomba kikombe cha maji kwa kinywa chake. Lakini kikombe kikifika mdomoni, pengine hata kabla ya kufika, koo hukaza, kifua hushtuka kwa kuvuta pumzi, na maji humwagika. Upepo mdogo ukimpiga usoni, hushtuka vivyo hivyo. Na baina ya mshtuko na mshtuko yawezekana akawa na akili timamu, akiwajua watu wa aila yake walio pembeni. Mwanafunzi aliyefahamu jambo hili hana tena haja ya kukariri kuwa mshipa wa 9 na wa 10 ndiyo ya kumeza, wala kwamba viini vya kupumua vimo katika shina la ubongo, wala kwamba tezi za mate huamrishwa na mshipa wa 7 na wa 9. Ameyaona yote katika mtu mmoja, na hatayasahau abadan.

Historia ya ugonjwa huu nayo ni sehemu ya historia ya elimu yenyewe. Chanjo ya Louis Pasteur ambayo mtoto Joseph Meister alidungwa mwezi Julai 1885 ilitokana na uti wa mgongo wa sungura uliokaushwa. Mwaka 1903 Adelchi Negri wa Italia aliona katika seli za ubongo wa wanyama waliokufa kwa kichaa vile vipande vilivyopewa jina lake. Na ajabu iliyo kubwa zaidi ni ya mwaka 2007, ambapo Ian Wickersham na Edward Callaway na wenzao katika Taasisi ya Salk huko California walikikata makali kirusi hiki, kikaweza kuvuka kutoka seli moja ya fahamu hadi zile zinazoipelekea habari na kukoma hapo, hata ikawezekana kujua ni seli ipi inayosema na ipi. Muuaji huyu leo ni mchora ramani katika maabara.

Najua nitaambiwa kwamba ubongo si kichaa cha mbwa peke yake, na mtahini atauliza habari za kiharusi, za macho na za kumbukumbu. Ni kweli, walakini mlango wa kuingilia si nyumba nzima. Aliyekwisha kuingia kwa mlango huu atayakuta ya jirani yake yakimngoja: malaria ipandayo kichwani, ambayo Magharibi yetu inaijua mno, degedege na kifafa, na konzo, ulemavu wa miguu uletwao na muhogo mchungu usioondolewa sumu sawasawa, ulioelezwa na daktari William Howlett kwa wagonjwa aliowaona Tarime, ng'ambo ya mpaka wetu. Howlett huyo aliandika kutoka Moshi kitabu kizima cha maradhi ya neva barani Afrika, kilichotoka mwaka 2012. Sioni udhuru wa mwanafunzi wa Kakamega kutokifungua.

Kenya imejiwekea tangu mwaka 2014 azma ya kukikomesha kichaa cha mbwa kwa binadamu ifikapo 2030, kwa kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Azma hiyo haitatimizwa na serikali peke yake. Itahitaji muuguzi wa zahanati ya kijijini ambaye, aletewapo mtoto mwenye jeraha dogo la jino, hatalipaka dawa na kumrudisha nyumbani, kwa kuwa anajua kinachosafiri ndani na kinakokwenda. Basi nawaomba wahadhiri wa Kakamega waanze muhula ujao kwa kuwapeleka wanafunzi wao sokoni Lubao, na maofisa wa mifugo wafuatane nao na chanjo. Na wewe msomaji, ukiumwa na mbwa, hata awe wa jirani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha ufike hospitali siku hiyo hiyo.