Roketi Tukodi, Funguo Tushike Wenyewe

Tarehe 5 Juni 1978, Rais wetu Mobutu alikwenda kwenye uwanda wa juu wa Manitu, mamia ya kilomita mashariki ya mji wetu wa Kamina, kushuhudia roketi ya OTRAG, kampuni binafsi ya Kijerumani, ikirushwa. Roketi yenyewe ilikuwa mabomba yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na vali zake zilifunguliwa na mota za waipa za gari ili gharama ishuke. Iliruka, ikapinda, ikaanguka. Mwaka uliofuata kampuni ikatakiwa kuondoka.

Wengi wanaikumbuka roketi. Mimi naukumbuka mkataba. Kampuni ilipewa kilomita za mraba 100,000 za ardhi yetu hadi mwaka 2000, karibu mara mbili ya Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Umoja wa Kisovieti ulisema ni silaha zinazofanyiwa majaribio, kampuni ikakana, na mwananchi wa Shaba, mkoa wenye ardhi hiyo, hakuwa na karatasi ya kumwonyesha ukweli uko wapi.

Leo swali la roketi na mkataba limerudi kwa sura nyingine. Jeshi letu linapigana na waasi mashariki, na askari wake wengi wamepitia mafunzo Kamina. Mji ukitekwa, minara ya simu inatekwa nao. Machi 2024 serikali ilipiga marufuku Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, kwa hofu ya waasi kuitumia. Mei 2025 ikaipa leseni. Je, Kongo ijitafutie setilaiti ya mawasiliano ya jeshi, na irushwe na roketi ya kibiashara?

Wanaopinga wana hoja nzito: mwenye roketi anaweza kukugeuka. Machi 2022 setilaiti 36 za kampuni ya OneWeb zilikuwa tayari kwenye kituo cha kurushia roketi cha Baikonur, Urusi ikakataa kuzirusha kwa sababu ya vita vya Ukraine. Lakini OneWeb ilihamia kwa warushaji wengine ikaendelea na kazi. Luxembourg, nchi ndogo kuliko wilaya zetu nyingi, ilirusha setilaiti ya GovSat-1 kwa roketi ya Falcon 9 tarehe 31 Januari 2018. Roketi ilikuwa ya Wamarekani. Setilaiti ni ya kampuni ambayo serikali ya Luxembourg ina nusu ya hisa.

Roketi ni lori la mizigo: kazi yake huisha kwa saa chache. Setilaiti kama GovSat-1 hukaa kilomita 36,000 juu yetu ikipitisha mawasiliano kwa miaka kama 15. Swali la maana ni nani atakayeiongoza na kushika funguo za siri zake miaka yote hiyo. Jeshi linalosimbiwa ujumbe wake na mgeni limevaa nguo ya kuazima, nayo haisitiri matako.

Sisi wa Kamina tunalijua hili. Novemba 1964 makomando wa Kibelgiji walipanda ndege za Marekani kwenye kambi yetu kwenda mji wa Stanleyville. Uwanja ulikuwa kwetu, amri ilitoka kwao.

Kwa hiyo roketi tukodi, bila haya. Ila mkataba usomwe Bungeni kabla ya kutiwa sahihi, setilaiti iundwe iweze kubebwa na roketi zaidi ya moja, na kituo cha kuiongoza kijengwe hapa nchini, kikiendeshwa na vijana wa Kongo waliosomeshwa kabla haijaruka. Masharti hayo yakikosekana, wabunge waukatae.